Kutunza cheti cha CE cha glavu za kazi: yaliyotupata kiwandani na tunavyofanya sasa

Mshika Faili (mleta uzi)

Habari wakuu.

Nyuzi za namna ya kupata cheti cha CE, ile alama inayotakiwa ili kuuza Ulaya, zipo nyingi. Za namna ya kubaki nacho sijaziona, na kwa niliyoyashuhudia miaka tisa kwenye kiwanda cha glavu za kazi, hapo ndipo watu wanapoumia. Wakati wa kutafuta cheti kuna mshauri, kuna maabara, kuna tarehe, kila mtu kiwandani anajua kinachoendelea. Kikishapatikana kinatundikwa ukutani, mshauri anakwenda zake, na kazi inabaki mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza lolote mpaka siku kontena linapozuiwa.

Niweke msingi kwa wageni wa jambo hili. Vifaa kinga vinavyouzwa Umoja wa Ulaya vinasimamiwa na Kanuni (EU) 2016/425, iliyoanza kutumika tarehe 21 Aprili 2018 na kuiondoa Direktiva ya zamani 89/686/EEC. Kanuni inagawa vifaa katika makundi matatu. Kundi la I ni la hatari ndogo, kama glavu za bustani, na mzalishaji anajipimia na kujithibitishia mwenyewe. Kundi la II linahitaji taasisi teule ipime mfano wa bidhaa na kutoa cheti cha mfano. Taasisi teule ni ile iliyoteuliwa na nchi mwanachama na kupewa namba ya tarakimu nne. Kundi la III ni la hatari zinazoua au kuacha madhara yasiyorekebishika: kemikali hatari, kuanguka kutoka juu, umeme, kuzama, na nyingine. Hili nalo linahitaji cheti cha mfano, na juu yake taasisi teule inafuatilia uzalishaji wenyewe kila mwaka.

Sisi tunatengeneza aina mbili. Glavu za ngozi za wachomeleaji vyuma, ambazo ziko kundi la II, na glavu zilizochovywa kwenye nitrili (aina ya mpira wa viwandani) kwa wanaoshika kemikali, ambazo ziko kundi la III.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili: cheti hakiizungumzii kampuni yako, wala jina la glavu kwenye katalogi. Kinaizungumzia ile glavu iliyokwenda maabara. Ngozi ile, unene ule, uzi ule wa kushonea, bitana ile. Siku unapobadilisha kimoja kati ya hivyo bila kusema, cheti bado kiko ukutani na tarehe yake haijafika, lakini glavu unayosafirisha haina cheti.

Nitoe mfano wetu. Glavu za wachomeleaji zilipimwa zikiwa zimeshonwa kwa uzi wa aramidi. Aramidi haiyeyuki, ukiichoma inageuka mkaa tu. Mwaka mmoja mtu wa manunuzi alipata uzi wa poliesta wa rangi ileile na unene uleule, na ukiuvuta kwa mkono unaona ni imara vilevile. Akanunua maboksi kadhaa. Hakuwa na nia mbaya. Kwenye mfumo wetu wa stoo uzi ule uliandikwa "uzi wa manjano, namba 30" basi, hakuna neno aramidi popote. Kwa kumbukumbu za stoo alikuwa amenunua kitu kilekile.

Poliesta inayeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi. Cheche ya kuchomelea ina joto kupita hapo mara kadhaa. Maana yake mshono unafunguka mtu akiwa kazini, na chuma cha moto kinaingia ndani ya glavu ambayo mtu ameivaa akiiamini.

Aliyegundua alikuwa mshonaji mmoja, mama aliyekaa kwenye cherehani ile miaka mingi. Alikuwa na tabia ya kuunguza ncha ya uzi kwa kiberiti ili usikwame kwenye sindano, na siku hiyo ncha ikawa tone gumu badala ya kuwa jivu. Akainuka akaja ofisini kwangu na kipande cha uzi mkononi. Mpaka leo nikikumbuka namwombea heri. Tulifungua katoni zote zilizokuwa zimeshafungwa kusubiri meli, tukatenga bechi nzima, mnunuzi tukamwandikia ukweli. Mzigo ulichelewa wiki tano.

Ukaguzi wa kila mwaka usingeliona jambo lile, maana kundi la II halina ukaguzi wa kila mwaka. Lingeonekana hospitali.

Tangu siku hiyo tulifanya mabadiliko mawili, na yote hayakuhitaji mashine. Kwanza, majina ya malighafi kwenye stoo yakaandikwa upya kulingana na faili la kiufundi (nyaraka zinazoeleza glavu iliyopimwa imetengenezwaje): aina ya nyuzi, mzalishaji wake, namba ya bidhaa ya mzalishaji huyo, na kiwango kinachohusika. Pili, kila malighafi iliyotajwa kwenye faili la kiufundi ilipigwa alama nyekundu kwenye mfumo wa manunuzi. Yenye alama hiyo hainunuliwi kwa msambazaji mwingine bila saini yangu, hata kama mkurugenzi mwenyewe ndiye anayeharakisha. Mkurugenzi alisaini utaratibu huo mwenyewe, na hilo ni la lazima, vinginevyo mtunza vyeti atabishana na watu kila wiki mpaka achoke.

Naendelea na habari ya ngozi na kromiamu, ila kama kuna maswali leteni.

---

Kisima

Asante mkuu kwa kushusha elimu. Swali: sisi tuna ISO 9001. Je, haitoshi kuonyesha kwamba uzalishaji haubadiliki?

---

Mshika Faili

Kisima, haitoshi, ingawa inasaidia. ISO 9001 inasema kampuni ina mfumo wa kusimamia kazi zake. Mzunguko wake ni miaka mitatu na wakaguzi wanarudi kila mwaka. Haisemi kwamba glavu yako inazuia mkato wa daraja fulani. Unaweza kuwa na ISO 9001 safi kabisa na ukawa unazalisha glavu mbovu zilezile kila siku kwa utaratibu uliopangwa vizuri.

Inakofaa ni kwenye kundi la III. Pale sheria inakupa njia mbili za kufuatiliwa. Moduli C2: taasisi teule inachukua glavu zenyewe na kuzipima, angalau mara moja kwa mwaka, kwa siku inayochagua yenyewe, na mara ya kwanza isizidi mwaka mmoja tangu cheti kitolewe. Moduli D: taasisi inakagua mfumo wako wa ubora kiwandani, angalau mara moja kwa mwaka, na inaweza kuja bila taarifa. Mwenye ISO 9001 inayofanya kazi kweli anapata wepesi kwenye D, kwa sababu nusu ya karatasi anazo tayari.

---

Mshika Faili

Sasa ngozi.

Ngozi nyingi za glavu zinatengenezwa kwa chumvi za kromiamu tatu (kromiamu III), ambayo haina shida kubwa kwa ngozi ya binadamu. Shida ni kromiamu sita (kromiamu VI), hali nyingine ya metali hiyohiyo, inayosababisha mzio mkali, na mtu akishaupata anaishi nao. Sheria ya kemikali ya Ulaya, REACH, tangu tarehe 1 Mei 2015 inakataza bidhaa za ngozi zinazogusa mwili zikiwa na kromiamu sita kuanzia miligramu 3 kwa kilo. Kiwango cha jumla cha glavu, EN ISO 21420, nacho kina matakwa yake juu ya kromiamu sita, na pia kinataka pH iwe kati ya 3.5 na 9.5.

Kinachowashinda watu hapa ni kwamba kromiamu sita inaweza isiwepo siku ngozi inatoka kwa mtengenezaji, halafu ikazaliwa baadaye. Kromiamu tatu inaoksidika: joto, mwanga wa jua, hewa kavu, pH ya juu, na baadhi ya mafuta yanayotumika kulainisha ngozi, yote yanasukuma huko. Kwa hiyo unapokea ripoti ya maabara kutoka kwa msambazaji, imeandikwa "haikuonekana", unaiweka kwenye faili, roho inatulia. Ngozi inakaa stoo yenye paa la bati miezi minne. Glavu zinakaa kwenye kontena juani. Mamlaka ya usimamizi wa soko kule inanunua jozi moja dukani, inapima, inakuta miligramu 7. Ripoti yako haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya siku nyingine.

Tunachofanya: tunamtaka mtengenezaji wa ngozi atumie vizuia uoksidishaji (tanini za mimea kwenye hatua ya mwisho zinasaidia sana), na tunapima baada ya kuizeesha ngozi kwa makusudi, saa 24 kwenye nyuzijoto 80 na hewa kavu. Ngozi ikipita baada ya mateso hayo, nalala. Na stoo ya ngozi tuliihamishia upande usiopigwa na jua mchana. Lilikuwa jambo la kuhamisha rafu tu, nasikitika hatukulifanya mapema.

Kuna watakaosema hii si habari ya cheti, ni habari ya kemikali. Wakuu, unapotia saini tamko la ulinganifu, unasema kwa jina lako kwamba glavu inakidhi matakwa ya Kanuni, na moja ya matakwa ni kwamba kifaa kisimdhuru anayekivaa. Ukikutwa na kromiamu sita, taarifa inaingia Safety Gate, mfumo wa tahadhari wa Ulaya uliokuwa ukiitwa RAPEX, na mtu yeyote duniani anaweza kuisoma ikiwa na picha ya glavu yako.

---

Lulu wa Bandarini

Mimi niko upande wa usafirishaji. Naomba niongeze moja dogo ambalo limenizuilia mizigo mara mbili: lugha. Maelekezo ya matumizi lazima yawe kwa lugha inayoeleweka na watumiaji, kama nchi mwanachama husika ilivyoamua. Mteja alikuwa Ujerumani, karatasi zikawa za Kijerumani na Kiingereza, halafu yeye akahamishia nusu ya mzigo Ureno bila kutuambia. Kule zikakwama.

---

Mshika Faili

Asante Lulu. Kweli kabisa. Sisi mkataba wa mauzo sasa una sehemu inayotaja nchi ambazo glavu zitauzwa, na mnunuzi akitaka kuongeza nchi anatuarifu kwanza. Angalieni pia jina na anwani ya mwagizaji. Kanuni inataka mwagizaji aandike jina lake na anwani kwenye bidhaa, na isipowezekana kwenye kifungashio au karatasi inayoambatana. Tangu tarehe 16 Julai 2021, chini ya Kanuni (EU) 2019/1020, vifaa kinga lazima viwe na mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja inayowajibika navyo. Wanaouza moja kwa moja mtandaoni bila mwagizaji ndio wanaoshtukia hapa.

---

Baba Nuru

Mkuu samahani, nina hali ya dharura. Cheti chetu cha mfano kinaisha miezi minne ijayo. Niliyemrithi kazi hakuacha maelezo yoyote. Makontena mawili yako kwenye uzalishaji. Nifanye nini?

---

Mshika Faili

Pole Baba Nuru, hili lijibiwe kwa utulivu.

Cheti cha mfano hakizidi miaka mitano. Kanuni, kwenye Kiambatisho cha V, inataka ombi la kuhuisha liwasilishwe si mapema kuliko miezi 12 na si baadaye ya miezi 6 kabla ya kuisha. Dirisha hilo umeshalipita. Usikae nalo kimya ukiomba wasigundue.

Leo, kabla ya kufanya kingine, iandikie taasisi iliyotoa cheti. Waambie tarehe, waambie umechelewa, waulize wanaweza kumaliza lini. Wakati huohuo tafuta jibu la swali moja: je, kuna kilichobadilika tangu cheti kitolewe? Malighafi, muundo, kiwanda, viwango vilivyotumika? Kama hakuna kabisa, kuna njia nyepesi ya kuhuisha. Unathibitisha kwa maandishi kwamba hakuna kilichobadilika, unapeleka picha za bidhaa za sasa, michoro, alama zake na taarifa za mtumiaji, na kwa kundi la III matokeo ya ufuatiliaji wa kila mwaka. Kama kuna kilichobadilika, watahitaji kupima tena, na maabara ina foleni.

Kuhusu makontena: ushauri wangu ni kuhesabu kwa siku mzigo unapoingia kwenye soko la Umoja, usihesabu kwa siku ulipofunga lakiri. Glavu zilizokwisha kuingia sokoni kihalali cheti kikiwa hai zinaendelea kuuzwa. Zilizoko kwako ghalani au majini hazijaingia. Kwa hiyo piga hesabu ya safari, bandari na forodha, uone kontena lipi linafika kabla ya tarehe na lipi halifiki. Lisilofika lisitoke mpaka cheti kipya kiwe mkononi. Na mnunuzi mwambie sasa, akipanga mapema atakuvumilia. Akisikia kutoka kwa forodha hatakurudia.

Ukishasoma hii, tafuta faili la kiufundi lenyewe. Kama mtangulizi wako hakuacha maelezo, je, faili lipo?

---

Baba Nuru

Lipo, ila ni la miaka mitano iliyopita, halijaguswa. Na sasa ninavyolilinganisha na stoo, bitana imebadilika. Zamani pamba, sasa pamba na poliesta.

---

Mshika Faili

Basi umepata jibu lako, ni zuri kulipata wewe kabla ya mwingine. Njia nyepesi haipo kwako. Waambie taasisi kuhusu bitana kwenye baruapepe ileile ya kwanza. Na uwe tayari kwa swali gumu: bitana ilibadilika lini, na glavu ngapi zimeuzwa tangu hapo? Usibuni jibu. Fuata ankara za bitana, utaipata tarehe.

Kama unauzia wachomeleaji, ukweli kwamba poliesta iko karibu na ngozi ya mtu ni jambo la kupimwa haraka. Chukua bitana, ichome mwenyewe nje ya jengo, uone inayeyuka kiasi gani. Hicho si kipimo cha maabara, lakini kitakuambia kama unaweza kuendelea kuuza wiki hii au usimamishe.

---

Binti Maabara

Nawasalimu wote. Nimefanya kazi maabara ya upimaji, niseme kidogo kwa upande wetu. Wateja wengi wanatuletea sampuli nzuri kuliko wanazouza. Wanachagua ngozi ya mgongoni, wanazishona polepole, fundi bora kabisa. Wanadhani wanajisaidia. Matokeo yanatoka juu, daraja la juu linachapwa kwenye glavu, halafu miaka mitano yote kiwanda kinahangaika kufikia daraja ambalo uzalishaji wake wa kawaida haujawahi kulifikia.

---

Mshika Faili

Dada, umegusa kidonda changu. Hilo ndilo lililotupata kwenye nitrili, nalo nalieleza lote.

Glavu za kemikali zinapimwa kwa EN ISO 374-1. Kipimo kikuu ni muda ambao kemikali inachukua kupenya kwenye nitrili. Kuna orodha ya kemikali 18, kila moja na herufi yake. Ukitaka glavu iitwe Aina A, lazima izuie kwa angalau dakika 30 kemikali zisizopungua sita kati ya hizo. Aina B ni tatu kwa dakika 30. Aina C ni moja kwa dakika 10.

Sisi tulipeleka sampuli, zikapita kemikali sita. Sita kamili, hakuna ya saba. Tukachapa Aina A kwa furaha kubwa.

Mwaka wa tatu taasisi ilikuja chini ya moduli C2, ikachukua jozi ghalani kwa kuzichagua yenyewe. Heptani, ambayo ilikuwa moja ya zile sita, ikapenya kwenye dakika ya 22. Tulipofuatilia, tuligundua msambazaji wa nitrili ya maji alikuwa amepunguza kiasi cha maada kavu kwenye mchanganyiko wake, na mashine yetu ya kuchovya ilikuwa inakwenda kwa mwendo uleule. Utando ukawa mwembamba kwa tofauti isiyoonekana kwa macho. Kemikali kama heptani haihitaji mwaliko, ukipunguza utando kidogo inapita mapema.

Taasisi ilifanya inavyotakiwa: ikachukua hatua na kuiarifu mamlaka iliyoiteua. Tulisimamisha uzalishaji wa glavu ile. Tuliwaandikia wanunuzi wote wenye bechi zilizohusika, tukarudisha zilizorudishika. Kuna mnunuzi mmoja tulimpoteza na simlaumu, wafanyakazi wake walikuwa wanaamini wana dakika 30.

Tuliporudi tuliomba Aina B. Watu wa mauzo walilia. Lakini glavu yetu ya kawaida, ile ya Jumatatu asubuhi yenye fundi mgeni kwenye mashine, inaifikia Aina B kwa nafasi ya kutosha. Hiyo ndiyo unayoweza kuitetea miaka mitano. Na sasa kila pipa la nitrili linalopokelewa linapimwa maada kavu kwetu kabla ya kumiminwa: unapima uzito, unakausha kwenye oveni, unapima tena. Kila saa jozi moja inatolewa kwenye mstari inapimwa unene kwa mikromita sehemu tatu, kiganjani, kidoleni na kifundoni. Msichana anayefanya kazi hiyo ana mamlaka ya kusimamisha mashine bila kuuliza.

---

Kisima

Mkuu, haya yote ni mazuri, ila viwanda vidogo tutaweza? Kila badiliko likipelekwa maabara tutafunga.

---

Mshika Faili

Kisima, hoja yako ni ya kweli na siipuuzi. Nimeona kiwanda kidogo kikipima kila rangi kama bidhaa mpya, kikachoka. Hakikuhitaji.

Kaa na taasisi yako mkubaliane familia za bidhaa. Glavu zenye malighafi ileile na muundo uleule, zikitofautiana urefu wa kifundo au rangi, mara nyingi zinaweza kukaa kwenye cheti kimoja, zikapimwa kwa ile iliyo dhaifu zaidi. Badiliko likija, uliza linagusa kipimo kipi. Ukibadilisha utepe wa kufungia, huna sababu ya kurudia kipimo cha mkato. Waandikie, eleza sababu, wakukubalie kwa maandishi. Wanaolipia vipimo vingi kuliko kawaida ni wale wasiouliza.

Na punguza modeli za glavu ndani ya kila aina. Sisi tulikuwa na 41, tukabaki na 16. Kila uliyoifuta ni cheti ambacho hutakihuisha.

Vilevile fuatilia viwango vyenyewe. EN 388 ya hatari za mikwaruzo na mikato ilibadilika mwaka 2016. Njia ya zamani ya kupima mkato ilitumia kisu cha duara kinachozunguka, na kwenye nyuzi ngumu kisu kilikuwa kinapoteza makali, kikiipa glavu sifa isiyo yake. Ndipo ikaongezwa njia ya ISO 13997 na herufi A mpaka F. Waliosubiri mpaka siku ya kuhuisha ndio waliojikuta daraja lao limeshuka mbele ya wanunuzi. Waliopima mapema walikuwa na miaka ya kurekebisha.

---

Mzee wa Kontena

Sisi tumehamia taasisi nyingine kwa ufuatiliaji wa kila mwaka. Tuna mifuko mingi iliyochapwa CE na namba ya taasisi ya zamani. Tunaweza kuimaliza?

---

Mshika Faili

Mzee, namba inayofuata CE kwenye kundi la III ni ya taasisi inayofuatilia uzalishaji, yaani ya C2 au D, hata kama cheti cha mfano kilitolewa na nyingine. Kwa hiyo glavu zinazozalishwa chini ya taasisi mpya zinabeba namba mpya. Mifuko ya zamani haitumiki kwa uzalishaji mpya. Kubalianeni kwa maandishi, ninyi na taasisi zote mbili, bechi ya mwisho ya zamani ni ipi na ya kwanza ya mpya ni ipi.

Na wale ambao hamkuhama kwa hiari, mnakumbuka: taasisi zilizokuwa Uingereza zilipoteza hadhi ya taasisi teule za Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2020. Viwanda vingi vililazimika kuhamisha vyeti na kubadilisha chapa. Ndiyo maana kila robo mwaka nafungua NANDO, daftari la Ulaya la taasisi teule mtandaoni, na kuhakikisha taasisi yetu bado imo, na imo kwa Kanuni ya vifaa kinga hasa. Taasisi inaweza kuwa halali kabisa kwa lifti au vinyago vya watoto na isiwe na ruhusa ya kugusa glavu. Mwaka 2020, wakati wa barakoa, karatasi za namna hiyo zilizagaa mno, zina mihuri mizuri na neno "cheti" kwa herufi kubwa, na hazikuwa na thamani yoyote kwa forodha.

---

Lulu wa Bandarini

Swali la mwisho kwangu. Mnunuzi anataka glavu zetu ziwe na nembo yake tu, jina letu lisionekane. Cheti chetu kinamfunika?

---

Mshika Faili

Hapana. Akiziingiza sokoni kwa jina lake yeye anakuwa mzalishaji mbele ya sheria, na wajibu wote wa mzalishaji unamhamia: cheti kwa jina lake, tamko la ulinganifu kwa saini yake, faili la kiufundi alihifadhi miaka 10 tangu bidhaa kuingia sokoni. Taasisi nyingi zina utaratibu wa kutoa cheti kwa jina lake kwa kutegemea vipimo vyenu. Lakini ninyi muwe na mkataba kwamba badiliko lolote kwenu mtamwarifu, maana kuanzia hapo kosa lenu linakuwa na jina lake.

---

Baba Nuru

Mrejesho wakuu. Taasisi imejibu. Wanataka sampuli mpya zenye bitana ya sasa, wamenipa nafasi maabara wiki ya tatu ijayo. Kontena la kwanza nimelisimamisha. Ankara za bitana nimezifuata, ilibadilika miezi 14 iliyopita. Nimemwambia mkurugenzi, alikasirika, ila amekubali tuwaandikie wanunuzi.

---

Mshika Faili

Umefanya kazi ngumu kwa siku chache, Baba Nuru.

Sampuli za maabara zitoe wewe mwenyewe kwenye mstari wa uzalishaji, katikati ya zamu, usimwachie mtu azichague. Kwenye uzalishaji uleule toa jozi nyingine nne, zifunge kwenye mfuko mweusi, andika tarehe na namba za bechi za kila malighafi, mtie saini wewe na mtu wa stoo, uziweke mahali pakavu pasipo na jua. Mtu wa manunuzi akija na bitana nyingine, toa jozi moja muiweke mezani mbele yenu wote.